Siri ya Kijana ni Amana

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika vifuani. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila afuataye mwendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu Waislamu, nakuusieni na najiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani kumcha Yeye ndiyo akiba bora ya safari.

Maneno yetu ya leo yanamhusu kijana ambaye huenda yumo katika nyumba zetu, na ambaye ni nadra kutajwa juu ya mimbari. Ni kijana mwenye haya, mpole, mchache wa maneno. Amekwisha baleghe, na moyo wake, kama mioyo ya rika lake lote, unatafuta mtu wa kumpenda na wa kupendwa naye. Lakini ameona nafsini mwake jambo asilolichagua wala kulitarajia, nalo ni kwamba moyo wake wavutika kwa vijana wa jinsia yake mwenyewe. Hajamwambia baba, hajamwambia mama, hajamwambia rafiki. Husikia mizaha barazani, naye hucheka pamoja na wachekao ili asijulikane. Usiku hulala na siri yake, na asubuhi huamka nayo.

Ndugu zangu, hukumu za wanavyuoni juu ya vitendo zimo vitabuni, na khutba hii haikukusudia kuzisomesha. Lakini wanavyuoni hao hao walitenga baina ya lipitalo moyoni na litendwalo na viungo, wakatufundisha kwamba mja hahesabiwi kwa fikra ya nafsi yake madamu hakuitenda wala hakuitamka. Basi linalotuhusu leo ni hili: kijana huyu ni amana mikononi mwa wazazi wake, na siri yake ni amana vile vile. Je, amana hii tutaichungaje?

Mfano huchukuliwa popote penye mazingatio, na leo twauchukua kutoka Uingereza. Wanafunzi mnaosoma hesabu na elimu ya kompyuta mnalijua jina la Alan Turing. Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi, na kwa miaka mingi ya utoto wake Alan aliachwa Uingereza mikononi mwa watu wengine, kama wanavyoachwa leo kwa bibi na shangazi watoto wengi wa mwambao ambao wazazi wao wamekwenda nchi za Ghuba kutafuta riziki. Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alipelekwa shule ya bweni ya Sherborne. Alikuwa mtoto wa haya nyingi, mwandiko wake mbaya, nguo zake zimejaa wino, na wenzake hawakumjali sana.

Huko shuleni akapata rafiki aliyemtangulia darasa moja, jina lake Christopher Morcom. Wote wawili walipenda hesabu na nyota za mbinguni. Alan alimpenda Christopher mapenzi makubwa, mapenzi ya kwanza ya moyo wake, naye Christopher alimpa urafiki mwema. Kwa ajili yake Alan alijitahidi katika masomo na akautengeneza mwandiko wake, apate kustahili kukaa naye. Desemba 1929 walikwenda pamoja kufanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Christopher alifaulu kupata nafasi ya heshima, na Alan hakuipata. Haikupita miezi mitatu, tarehe 13 Februari 1930, Christopher akafa kwa kifua kikuu cha ng'ombe, maradhi aliyoyapata utotoni kwa kunywa maziwa yenye vijidudu. Alan alikuwa na miaka 17.

Tazameni sasa, enyi wazazi, hali ya kijana yule. Amefiwa na aliyempenda kuliko watu wote, na hana haki ya kulia kama aliaye mfiwa, kwa kuwa hakuna ajuaye alichokipoteza. Akaandika barua kwa mama wa marehemu, akamwomba picha ndogo ya mwanawe. Mama yule angaliweza kuuliza: kwani wewe ni nani kwake, na huzuni hii yote ni ya nini? Hakuuliza. Alimpelekea majibu ya upole, akamkaribisha nyumbani kwake, na mwaka ule ule akamchukua katika safari ya familia kwenda Gibraltar. Wakaandikiana barua kwa miaka. Familia ya Morcom ikaweka katika shule ile tuzo ya sayansi kwa jina la Christopher, na Alan akaipata.

Kitendo cha mama yule kilikuwa chepesi: alimfungulia mlango mtoto wa watu, hakumpekua moyo. Na kijana yule, kwa kutaka kuitimiza kazi aliyodhani rafiki yake angeliifanya, akasoma kwa bidii. Mwaka 1931 akaingia Cambridge, na mwaka 1936 akaandika makala yaliyoweka msingi wa elimu ya kompyuta. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa mabingwa waliofumbua maandishi ya siri ya majeshi ya Hitler. Leo kila simu iliyomo mifukoni mwenu inafanya kazi kwa misingi ambayo yeye alishiriki kuiweka.

Sasa ulizeni alivyofanyiwa alipokwisha kuwa mtu mzima. Mwaka 1952 alikwenda polisi kushitaki wizi uliofanyika nyumbani kwake. Katika kuhojiwa ikadhihirika kwamba ana uhusiano na mwanamume, na aliyekwenda kushitaki akarudi yeye ndiye mshitakiwa. Alitiwa hatiani kwa sheria ya mwaka 1885, akachaguzwa baina ya kifungo na dawa za homoni za kike za kuyaua matamanio yake. Akachagua dawa, akazitumia kwa mwaka mmoja. Dawa zile ziliuharibu mwili wake, na moyo wake haukubadilika. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki, umri wake miaka 41, na uchunguzi rasmi ukaamua kwamba alijitoa uhai, ingawa wako wanaoutilia shaka uamuzi huo. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi kwa niaba ya serikali, mwaka 2013 akasamehewa kwa amri ya Malkia, na mwaka 2021 sura yake ikachapishwa katika noti ya pauni 50. Lakini radhi ya mwaka 2009 haikumfikia mtu aliyefariki tangu 1954.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mtu mmoja alikutana na milango miwili. Katika mlango wa mama mfiwa alipata huruma, na kwa huruma ile akainuka. Katika mlango wa wenye kutoa adhabu alivunjika. Basi mlango wa nyumba yako wewe, baba, wewe, mama, unafanana na upi?

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira, yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, tusidhani kwamba upole huu ni jambo la kuazima kwa wageni. Imamu Ahmad amepokea katika Musnad yake, kwa njia ya Abu Umama, habari ya kijana aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliohudhuria wakamkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akakaa mbele yake. Akamuuliza kwa utaratibu kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, na kijana akijibu kila mara kwamba hapana. Kisha Mtume akamwekea mkono akamwombea dua. Zingatieni: kijana yule alikuja kuomba ruhusa ya kitendo. Kijana tumzungumziaye leo pengine hajatenda lolote, ana siri ya moyo tu. Ikiwa yule alisogezwa karibu, huyu wetu tunamsukuma mbali kwa hoja gani?

Na tazameni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alikuwa mdogo alipoota ndoto yake, na mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa baba yake. Nabii Yakub alimsikiliza, hakumkatiza, kisha akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Baba alikuwa mlinzi wa siri ya mwanawe. Ama waliomwonea Yusuf wakamtupa kisimani, walitoka nyumba ile ile.

Kwa hiyo nakuusieni mambo manne.

La kwanza, chungeni ndimi zenu. Sura ya Hujurat imekataza watu kudharauliana, kupachikana majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana. Baba anayemdhihaki kijana wa jirani kwa mwendo wake au sauti yake hajui kwamba mwanawe yuko nyuma ya pazia anasikia, na anajifunza kwamba katika nyumba hii hapana wa kumwambia neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

La pili, msipekue, na mkiambiwa msitangaze. Kuifungua simu ya kijana kwa siri ili umfumanie si malezi, ni upelelezi. Na akija mwenyewe akakwambia, ujue kwamba amekuchagua wewe katika watu wote. Neno lako la kwanza atalikumbuka umri wake mzima. Mwambie kwamba wewe ni mzazi wake jana, leo na kesho, kisha nyamaza umsikilize. Siri hiyo usiipeleke kwa wajomba, wala kwa majirani, wala barazani. Sheria za nchi nyingi ni kali, na watu ni wakali kuliko sheria, na neno likishavuka kizingiti halirudi.

La tatu, msimtese kwa jina la kumtibu. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii katika orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Fimbo, kufungiwa chumbani, na dawa za waganga wanaotafuta fedha hazikubadilisha moyo wa mtu. Humfundisha kuogopa na kusema uongo. Wala ndoa si dawa ya kumlazimisha mtu. Mwaka 1941 Alan Turing aliposa mwanamke msomi aliyefanya kazi naye, Joan Clarke. Hakumficha, alimweleza hali ya moyo wake, na mwisho akauvunja uchumba ule kuliko kumfunga binti wa watu katika jambo asiloliweza. Wangapi katika sisi wamemwoza kijana kwa haraka ili kuziba midomo ya watu, wakamdhulumu yeye, wakamdhulumu na binti wa watu, na wazazi wake, kwa siku moja?

La nne, msimfukuze. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kijana mwenye haya anayetafuta upendo, akikosa sikio nyumbani, atalitafuta kwa mtu asiyemjua, usiku, kwa simu. Na miongoni mwa wasiojulikana wamo wenye kuwinda watoto, wenye kuwarubuni kwa maneno matamu, kisha kuwatisha na kuwatoza fedha. Wazazi wake ndio ngome yake ya kwanza. Atakayeivunja ngome asilalamike kwamba adui ameingia.

Nawe kijana usikiaye, uliyekaa pembeni mwa chumba ilhali redio inasema, nina neno nawe pia. Hujapotea kwa Mola wako. Yeye alikujua kabla mama yako hajakujua. Haya yako si aibu, ni tawi la imani. Usiharakishe kumpa siri yako kila atakayekwambia kwamba anakupenda. Upendo wa kweli una alama zake: haukutishi, haukuombi picha wala fedha, haukufundishi uongo, haukutengi na jamaa zako, haukutii haraka. Soma, fanya kazi, tafuta mtu mzima mmoja mwaminifu, mzazi, au bibi, au mwalimu mwenye kifua, umwambie kidogo kidogo. Na giza likikuzidi hata nafsi ikakuambia kwamba ni bora usiwepo, usibaki peke yako usiku huo. Mwamshe mtu. Uhai wako ni amana ya Mwenyezi Mungu, na wako watakaokuhitaji ambao hujawaona bado.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe sitara kwa watoto wetu, tusiwe fedheha kwao. Ewe Mola wetu, zilainishe nyoyo za akina baba, uzipe subira nyoyo za akina mama, uwaongoze vijana wetu katika yaliyo na kheri kwao, uwaepushe na kila mwenye kuwataka kwa ubaya. Ewe Mola wetu, kila aliyelala na siri inayomwelemea, mpe wa kumsikiliza kabla ya alfajiri.

Amin, ya Rabbal-alamin.