Elektroni Moja ya Nje

Magadi unayotia kwenye maharagwe yana sodiamu. Jivu la kuni jikoni mwako lina potasiamu. Loweka lolote kati ya hayo, maji yatateleza vidoleni kama sabuni. Kwa nini yafanane hivyo?

Jibu liko katika atomi: atomi ya metali kama lithiamu, sodiamu au potasiamu ina elektroni moja tu katika mzingo wa nje, nayo huiachia kwa urahisi. Ya potasiamu iko mbali zaidi na kiini kuliko ya sodiamu, hivyo hutoka upesi zaidi: kipande cha potasiamu kikigusa maji, huwaka mwali wa zambarau. Ndiyo sababu metali hizi hazichimbwi popote zikiwa tupu.

Walimu, sodiamu na potasiamu zihifadhini ndani ya mafuta ya taa, na mwanafunzi asizishike kwa mkono.