Vumbi Lisiloonekana Ndilo la Kuogopwa
*Mazungumzo kwa mafundi seremala wa Port Reitz, Kaunti Ndogo ya Changamwe, kuhusu kuboresha pipa la kutenga vumbi*



Katika karakana nyingi siku huanza kwa mlio wa msumeno na kuisha kwa ufagio. Fundi hupenga kamasi, na kitambaa hutoka na rangi ya mbao aliyopasua. Wengi husema hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sivyo. Hayo ni madhara ya kazi, na yanaweza kupunguzwa.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule hujulikana pia kwa kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Mbao za MDF, zinazopendwa kwa kabati za jikoni, hutoa vumbi laini sana, tena lenye gundi ndani yake.

Baadhi ya mafundi hujitengenezea pipa la kutenga vumbi kwa ndoo ya rangi ya lita 20 au pipa kubwa zaidi. Pipa hilo hukaa kati ya msumeno na mashine ya kuvuta vumbi. Hewa huingia kwa kasi ikielekezwa kando ya ukuta, ikazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Maranda na chembe nzito hutupwa ukutani, hupoteza mwendo na kuanguka chini. Hewa hutokea kwenye bomba la katikati ya kifuniko. Kwa njia hiyo, mfuko wa mashine hauzibi upesi.

Pipa lisipofanya kazi vizuri, fundi hukimbilia kununua mota kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo haliko kwenye mota.

Kwanza, huwa ni uvujaji. Tundu dogo kwenye kifuniko huingiza hewa inayoinua vumbi lililokwisha kutulia na kulipeleka kwenye mashine. Kila kiungo kizibwe kwa silikoni, na kifuniko kiwekewe mpira. Ili kupata tundu, washa mashine na unyunyize poda kidogo karibu na kiungo: ikivutwa ndani, hapo panavuja. Moshi wa udi usitumike, kwa kuwa cheche moja ndani ya pipa la vumbi huwasha moto.

Pili, ongeza bao la kuzuia. Kata duara la plaiwudi linaloenea ndani ya pipa. Kwenye ukingo wake, toa nafasi ya upana wa sentimita 3 hivi, ikizunguka theluthi mbili za duara. Theluthi iliyobaki iguse ukuta, chini ya mahali hewa inapoingilia. Vumbi hushuka kupitia nafasi hiyo, na bao huzuia kimbunga kisilichote tena. Bomba la kutolea hewa liishie juu ya bao bila kuligusa.

Tatu, pipa limwagwe kabla vumbi halijafika kwenye bao. Likifika hapo, kila kinachoingia hupita moja kwa moja.

Nne, mabomba yawe mafupi na yenye kona chache. Mpira mrefu wenye mikunjo hula nguvu ya mashine. Ndoo laini nayo hubonyea ikivutwa. Iwekewe pete ya mbao kwa ndani.

Fundi atajuaje kama mabadiliko yamesaidia? Apime kwa mizani. Avute kilo 1 ya vumbi la msasa, kisha apime kilichofika kwenye mfuko wa mashine. Zikifika gramu 100, pipa limekamata asilimia 90. Abadilishe jambo moja, kisha apime tena. Asitumie maranda kwa jaribio hili, maana maranda hukamatwa hata na pipa bovu.

Hata hivyo, pipa zuri kupita yote lina mpaka wake. Chembe zilizo ndogo kuliko mikroni 10, yaani sehemu ya mia moja ya milimita, ni nyepesi mno. Nyingi hubebwa na hewa. Hizo ndizo zinazofika mapafuni. Pipa likijaa, fundi hufurahi, lakini linalomdhuru ni lile vumbi ambalo halikuingia pipani. Kwa hiyo mashine iwe na kichujio kizuri, na fundi avae barakoa ya N95 au FFP2. Leso haitoshi. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na kompresa isitumike kupuliza vumbi.

Anayetoa hewa nje awakumbuke majirani. Bomba lisilomsumbua mtu wakati wa kusi linaweza kupeleka vumbi kwenye dirisha la jirani wakati wa kaskazi. Afadhali hewa ichujwe kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana kuwakinga wafanyakazi wake na vumbi, na kulidhibiti pale linapotokea. Mwanagenzi ni mmoja wa hao. Kijana anayeshikishwa msasa kutwa nzima ndiye anayevuta vumbi kuliko wote, na kwa kawaida ndiye asiyethubutu kuomba barakoa. Apewe kabla hajaomba.

Fundi mwenye kikohozi kisichoisha, kifua kinachobana au pua inayotoka damu mara kwa mara aende hospitalini, na amweleze daktari kwamba kazi yake ni useremala. Daktari asipoambiwa, huenda asilifikirie vumbi.

Kitanda kizuri hudumu miaka mingi. Aliyekitengeneza naye anastahili kudumu.