Kupima Miamba Kabla ya Kuchimba Kisima
(Mazungumzo kwa wakulima wa Rongai)

Ardhi ya Rongai si udongo mtupu. Chini ya mashamba ya mahindi yamelala matabaka ya mawe yaliyotoka katika volkeno, pamoja na majivu yake na matope ya maziwa ya kale, na yote yamekatwakatwa na nyufa za Bonde la Ufa. Maji hukaa katika nyufa hizo na baina ya matabaka. Kwa hiyo mkulima mmoja huchimba akapata maji, na jirani yake akachimba kina kile kile asipate ila vumbi, na fedha za mavuno zimekwisha.

Ndiyo sababu wataalamu hupima kwanza. Hupigilia vigingi vinne vya chuma katika mstari mmoja. Umeme hupitishwa katika viwili vya nje, na chombo husoma nguvu yake baina ya viwili vya ndani. Kadiri vya nje vinavyotengwa mbali, ndivyo umeme unavyozidi kushuka chini. Jiwe kavu huuzuia. Jiwe lenye maji huupitisha kwa wepesi.

Lakini chombo hicho si ramli. Udongo wa mfinyanzi, maji ya chumvi na miamba yenye joto kali huupitisha vile vile. Huko Menengai, karibu na Rongai, vipimo vya jamii hii vilisaidia kutafuta mvuke, na visima vyake vikaanza kuchimbwa mwaka 2011. Basi mpimaji hana budi kulinganisha hesabu zake na habari za visima vya jirani.

Tena, vigingi havionyeshi floraidi, madini yatokayo katika miamba ya volkeno. Maji maangavu yaweza kuwa nayo tele. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Yakizidi, meno ya watoto huingia madoa. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa.

Kwa hiyo mambo yafuatane hivi: kwanza kupima miamba, pili kupata kibali, kama itakavyo Sheria ya Maji ya mwaka 2016, tatu kuchimba, nne kupeleka maji maabara kabla mtoto hajayanywa. Majirani wakichanga, gharama humwelemea kila mmoja kidogo, na kisima huwafaa wote.