Tutarudi Nyumbani na Nini Mkononi?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Spring Valley, Nairobi)



Sisi tunaofanya kazi hapa Spring Valley, tukipika, tukifyeka majani na kulinda mageti, wengi wetu kwetu ni huko vijijini mnakotoka. Tukizeeka tutarudi huko. Je, tutarudi na nini mkononi?

Hazina ya NSSF ilianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, hadi Januari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Hebu tupige hesabu pamoja. Shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni 96,000, bila riba. Hizo zitamlisha mzee kwa muda gani?

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013. Walioipinga, wakiwemo waajiri wa mashamba ya chai, wakaenda kortini. Mahakama ya kazi iliitupa Septemba 2022, Mahakama ya Rufani ikairudisha Februari 2023. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamuru rufani hiyo isikizwe tena. Wakubwa walivutana karibu miaka 10. Bei ya unga ikapanda, lakini 200 ikabaki 200.

Tangu Februari 2023 mfanyakazi hukatwa asilimia 6, na mwajiri huongeza asilimia 6. Wa mshahara wa 16,000 hukatwa 960. Wengi wananung'unika, maana kuna pia makato ya afya na ya nyumba. Manung'uniko hayo tunayaelewa, kwani mfuko ni mmoja.

Lakini kuna hasara kubwa zaidi. Mwajiri akikwambia, "Nikuandikishe ya nini? Chukua zako zote mkononi," usifurahi haraka. Ile 960 yake imebaki mfukoni mwake. Mtumishi wa serikali aliye katika mpango ulioanza Januari 2021 huongezewa na serikali asilimia 15 ya mshahara. Yaya naye asikose hata hiyo 6?

Basi, vikundi vifanye mambo matatu:

1. Kila mwenye mtoto au ndugu anayefanya kazi mjini amuulize: una nambari ya NSSF?

2. Aliye na nambari aende ofisi ya NSSF na kitambulisho, aombe taarifa ya akiba yake. Kukatwa ni jambo moja, pesa kufika ni jingine. Atunze karatasi za mshahara.

3. Mkulima na mama wa sokoni nao wasijione wametengwa. NSSF ina mpango wa hiari uitwao Haba Haba, ulioanza kwa shilingi 25 kwa siku. Kikundi kiulize masharti yake kabla ya kuingia.

Sheria ya uzeeni ikiachiwa mawakili na wanasiasa peke yao, sisi tutapata makombo. Jadilini haya kwenye mkutano wenu ujao, muandike majina ya wasioandikishwa.