Mchonga vibao wa Guangzhou aliyetafuta ondoleo la dhambi

Katika barabara ya Yide mjini Guangzhou, kusini mwa China, karibu na Mto Lulu, lipo kanisa lenye minara miwili mirefu lililojengwa kwa mawe ya matale. Wenyeji huliita Shishi, maana yake Nyumba ya Mawe. Jina lake rasmi ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na ujenzi wake ulianza mwaka 1863 ukamalizika mwaka 1888. Maduka yaliyo jirani nalo huuza kwa jumla vitu vya kuchezea watoto, pamoja na kamba, dagaa na samaki wakavu, hata mtu wa pwani ya Afrika Mashariki apitapo hapo hukumbuka harufu ya soko la kwao.

Katika miaka ya 2000 na ya 2010, wakati wafanyabiashara wa Kiafrika walipomiminika Guangzhou kununua nguo, viatu, simu na vipuri, kanisa hilo lilijulikana sana miongoni mwao. Jumapili alasiri misa ilisomwa kwa Kiingereza, na viti vilijaa watu wa Afrika magharibi, kati na mashariki. Misa ya Kikatoliki, popote inaposomwa, huanza kwa waumini kukiri kwamba wametenda dhambi na kumwomba Mungu awahurumie. Basi watu waliokuwa wametumia juma zima kupatana bei, kuhesabu makasha na kukumbushana madeni, walianza ibada kwa kukiri deni lisiloweza kuandikwa katika daftari lolote.

Guangzhou ni mji wa hesabu tangu zamani. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842 ulikuwa bandari pekee ya China ambamo wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja kwa bahari waliruhusiwa kununua chai, hariri na vyombo vya kaure. Katika mji wa namna hiyo kila mtu hujua kwamba deni hulipwa. Na huenda ndiyo sababu swali la dhambi, kwamba hulipwaje na hulipwa na nani, lilimsumbua sana kijana mmoja fundi wa mji huo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kijana huyo aliitwa Liang Fa. Alizaliwa mwaka 1789 katika kijiji cha wilaya ya Gaoming, mkoani Guangdong, katika familia maskini. Alisoma miaka michache tu, kisha umaskini ukamfukuza shuleni, akaenda Guangzhou kutafuta kazi. Huko alijifunza kazi ya kuchonga vibao vya kuchapia vitabu. Kazi hiyo yataka subira nyingi. Kila herufi huchongwa kinyume, na kosa likishatendeka katika mbao halifutiki: hapana budi sehemu hiyo ikatwe na kupachikwa kipande kipya.

Mwaka 1807 aliwasili Guangzhou Mwingereza Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti nchini China. Sheria ya utawala wa Qing haikumruhusu kuhubiri, na amri ya mfalme ya mwaka 1812 iliwatishia kwa adhabu kali, hata ya kifo, waliochapisha vitabu vya Kikristo kwa Kichina. Hata hivyo Morrison aliendelea kutafsiri Biblia kwa siri, na Liang Fa alikuwa miongoni mwa mafundi walioajiriwa kuchonga vibao vyake. Kwa fundi huyo, hiyo ilikuwa kazi ya mshahara tu. Alichonga maneno ya rehema na msamaha kama ambavyo angechonga kitabu cha dawa au cha mashairi.

Mwaka 1815 mmisionari mwingine, William Milne, alikwenda kufanya kazi Malacca, katika Malaysia ya leo, akamchukua Liang Fa awe mchapaji wake. Huko walichapisha gazeti la kila mwezi ambalo huhesabiwa kuwa gazeti la kwanza la zama hizi kwa lugha ya Kichina. Liang alilazimika kuhudhuria ibada za Milne, lakini baadaye alikiri mwenyewe kwamba mahubiri hayo yalimchosha.

Kilichombadilisha kilianzia katika dhamiri yake. Kwa mujibu wa simulizi aliyoiandika baadaye, kila mwezi ulipoandama na kila ulipokuwa mpevu alikuwa akisujudu mbele ya sanamu na kuomba heri, huku moyo wake ukibaki na mawazo mabaya yaleyale, na ulimi wake ukiendelea kusema uongo. Alikutana na mtawa wa Kibudha, akamwuliza namna ya kuondolewa dhambi. Mtawa akamwelekeza kukariri maandiko matakatifu ya dini yake. Liang alijaribu. Lakini usiku mmoja, akiwa peke yake, alijiuliza: mtu aliyetenda mabaya mengi, asiye na jema hata moja la kutaja, atawezaje kufutiwa yote kwa kurudiarudia maneno? Inafaa kukumbuka kwamba hayo ni maelezo ya upande mmoja, na Mbudha aliyeishika dini yake kwa dhati angekuwa na mengi ya kumjibu. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa la kweli, na Liang hakuliacha.

Alimwendea Milne na kumwuliza maana ya Yesu kuwafia wenye dhambi. Jibu alilopewa ni lile ambalo Wakristo wamelisema tangu mwanzo: kwamba Mungu hangoji mwanadamu amalize kulipa ndipo amsamehe, gharama imebebwa na Mungu mwenyewe katika kifo cha Mwanawe, na mwanadamu hupokea msamaha huo kwa toba na imani. Tarehe 3 Novemba mwaka 1816, Milne alimbatiza. Tangu hapo Liang alijiita mwanafunzi wa wema. Jina hilo linastahili kuangaliwa vizuri. Hakujiita mtu mwema. Alijihesabu kuwa ndiyo kwanza anaanza kujifunza, tena baada ya kusamehewa.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa mafundisho haya, kwa Mchina wa wakati ule na kwa Mswahili wa leo. Wamisionari walitumia neno la Kichina zui kwa maana ya dhambi, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno hilohilo ni kosa la jinai. Mkulima aliyeambiwa kwamba yeye ni mtu wa zui alishtuka, kwani hakuwahi kuiba wala kuua, wala hakuwa amesimama mbele ya hakimu. Kiswahili kimebahatika kutenganisha jinai na dhambi. Lakini Kiswahili nacho kina neno kafara, na katika mila nyingi za pwani kafara ni kitu anachokitoa mtu ili kuondoa balaa. Mkristo anapoambiwa kwamba Yesu ni kafara ya dhambi, mwelekeo wa neno hugeuka: mtoaji si mkosaji, bali ni yule aliyekosewa. Anayelipita jambo hilo haraka hulisikia kama kawaida, kumbe ndilo jambo geni kuliko yote katika imani hiyo.

Injili nazo husimulia jambo hilo kwa lugha ya madeni na nyumba. Mtumwa mmoja adaiwa na bwana wake fedha ambazo hata vizazi kadhaa visingeweza kuzilipa. Aomba apewe muda. Bwana hampi muda, bali amfutia deni lote. Na yule kijana aliyetapanya mali ya baba yake alirudi akiwa ametayarisha maneno ya kuomba kazi ya kibarua, ili angalau ale kwa jasho lake. Baba hakumruhusu kuyamaliza maneno hayo. Alitaka mwana, hakutaka kibarua.

Je, msamaha wa bure haumfanyi mtu kuwa mlegevu? Swali hilo ni la zamani, na waumini wa Afrika Mashariki walilijibu kwa vitendo. Katika uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliungama dhambi zao hadharani, na waliokuwa wameiba walirudisha vitu vya watu. Hawakurudisha ili wasamehewe. Walirudisha kwa kuwa walikwisha kusamehewa na hawakuweza tena kukaa na mali ya mwenzao.

Maisha ya Liang Fa yalikwenda njia hiyohiyo. Mwaka 1819 alirudi nyumbani, akachapisha kijitabu cha kuwaeleza jamaa zake imani yake. Askari walimkamata, vibao vyake vikachomwa moto, naye akachapwa viboko 30 vya mwanzi hadi akatoka damu. Morrison alihangaika hadi akaachiliwa. Mwaka 1820 alimbatiza mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1823 Morrison alimweka kuwa mhubiri. Yule aliyekuwa akichonga maneno ya wengine sasa aliandika yake. Kitabu chake kikubwa, ambacho jina lake laweza kutafsiriwa kuwa Maneno Mema ya Kuuonya Ulimwengu, kilichapishwa Guangzhou mwaka 1832 katika sehemu tisa. Ndani yake alisimulia jinsi alivyotafuta ondoleo la dhambi.

Kitabu hicho kiligawiwa kwa vijana waliokuja Guangzhou kufanya mitihani ya kuingia katika utumishi wa serikali. Inaaminika kuwa mwaka 1836 nakala moja ilimfikia kijana aliyeitwa Hong Xiuquan. Alikuwa ameshindwa mtihani, na alishindwa tena na tena. Mwaka 1837 aliugua sana na kuona njozi. Mwaka 1843, baada ya kushindwa mara ya nne, alikisoma kitabu kwa makini na kuona kwamba kimefafanua njozi zake: yeye ni mwana wa Mungu, mdogo wake Yesu, ametumwa kuwaangamiza mashetani.

Mwaka 1847 Hong alikwenda Guangzhou kujifunza kwa mmisionari Mmarekani Issachar Roberts, akaomba abatizwe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimshauri aulize atakavyopata riziki akishabatizwa. Roberts alipomsikia akiulizia fedha aliahirisha ubatizo, na Hong akaondoka. Haijulikani mambo yangekuwaje kama angevumiliwa kidogo. Mwaka 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu, mwaka 1853 majeshi yake yaliiteka Nanjing, na vita hivyo vilipozimwa mwaka 1864 watu wapatao milioni 20, au zaidi, walikuwa wamekufa.

Wafuasi wa Hong nao walikuwa na sala ya toba, na ilikuwa imeandikwa. Haikuwa kwamba dhambi ilisahauliwa, bali ilihamishwa. Liang alipokisoma kitabu cha moyo wake aliona mkosaji akakuta ni yeye mwenyewe. Hong alimwona mkosaji kwa watawala wa Qing na kwa waabudu sanamu, na katika ufalme wake mvuta kasumba na mzinzi walihukumiwa kufa. Mtu asiyejiona kuwa ni mdaiwa aliyefutiwa deni huishika rehema ya Mungu kama upanga, na historia ya makanisa, pamoja na yale ya Ulaya, ina mifano mingi ya namna hiyo.

Liang Fa alimaliza miaka yake Guangzhou akizungumza na wagonjwa katika hospitali ya daktari Mmarekani Peter Parker, iliyokuwa maarufu kwa matibabu ya macho. Alifariki dunia mwezi Aprili mwaka 1855. Mkoani Guangdong uasi mwingine, wa watu waliojifunga vilemba vyekundu, ulikuwa ukizimwa, na mwaka huohuo maelfu kwa maelfu ya watuhumiwa walikatwa vichwa mjini Guangzhou kwa amri ya Ye Mingchen, gavana mkuu wa mikoa ya Guangdong na Guangxi.

Ye naye zamu yake ilifika. Mapema mwaka 1858 Waingereza na Wafaransa, walioushambulia mji katika Vita vya Pili vya Kasumba, walimkamata wakampeleka Calcutta, nchini India, na huko akafa mwaka uliofuata. Makao yake yalikuwa yamebomolewa vitani. Kiwanja hicho Wafaransa walikitaka na kukipata chini ya masharti waliyoilazimisha China baada ya ushindi wao, na juu yake wakajenga kanisa. Katika pembe moja ya msingi walichonga jina la Jerusalem, katika pembe nyingine jina la Rome, na mwaka 1863. Kanisa hilo ndilo Shishi. Mahali palipotoka amri za kukata vichwa, penye ardhi iliyotwaliwa kwa mizinga, ndipo waumini wa Guangzhou, na pamoja nao wageni waliovuka Bahari ya Hindi kununua mali, wamesimama Jumapili baada ya Jumapili na kusema kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa vitendo.