UGAVI WA CHAMA WAKATI WA MASHAKA

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi vya wakulima wa korosho



Nimeombwa na Chama Kikuu nizungumze juu ya ugavi. Kwa neno hilo nakusudia safari mbili. Ya kwanza ni ya pembejeo na vifaa, tangu vinakotengenezwa hadi mkononi mwa mkulima. Ya pili ni ya zao, tangu chini ya mkorosho hadi kwa mnunuzi. Safari hizi ndizo kazi yenyewe ya chama. Chama kinaweza kuwa na ofisi nzuri na vitabu visafi, lakini salfa ikifika maua yamekwisha kuungua, au magunia yakikosekana mwezi wa Novemba, mwanachama hatakumbuka vitabu vile.

Katika ukaguzi nimekuta ghala la chama lenye korosho zilizomwagwa sakafuni hadi usawa wa dirisha. Mizani ilikuwapo, karani alikuwapo, na tarehe ya mnada ilikwisha kutangazwa. Kilichokosekana ni magunia. Mvua za kwanza zilipoanguka, korosho zilizokuwa zikingoja majumbani zilipata unyevu, na sehemu yake ikashuka kutoka daraja la kwanza hadi la pili. Baadhi ya wanachama, wenye ada za shule za kulipa, walikwenda kuuza kwa kangomba usiku, kwa bei ya kutupa. Hasara ile haikuletwa na soko wala na ugonjwa wa mti. Ilitokana na gunia tupu ambalo halikuagizwa kwa wakati.

1. Mashaka si jambo geni

Ndugu zangu, wapo wanaosema kwamba siku hizi mambo hayatabiriki, kana kwamba zamani yalitabirika. Tukumbuke kidogo. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani, na gharama ya kila safari ya lori ikapanda nayo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Mwaka 1978 vikaja vita vya Kagera. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na madaraja.

Miaka ya karibuni nayo haikuwa shwari. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulivuruga safari za meli duniani. Mwezi wa Machi 2021 meli moja kubwa, Ever Given, iliziba Mfereji wa Suez kwa siku 6, na mamia ya meli zikasimama. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei ya mbolea, hata Serikali yetu ikaanzisha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Na mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na mizigo ikakwama njiani.

Nayataja haya kwa sababu moja. Magunia ya juti tunayofungia korosho asili yake ni Bangladesh na India, na salfa nyingi nayo huvuka bahari. Kwa hiyo jambo linalotokea mbali sana nasi hufika katika ghala la kijiji. Hatuwezi kuzuia vita wala mvua. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba kamba ikikatika mahali pamoja, mzigo wote hauanguki.

2. Fundisho la Zambia

Mfano ninaoupenda ni wa jirani zetu wa Zambia. Nchi ile haina bahari. Hadi mwaka 1965 shaba yake na mafuta yake vilipita hasa kusini, kwa reli ya Rhodesia. Mwezi wa Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, na kwa muda mfupi ugavi wa mafuta wa Zambia ukakatika. Mafuta yakabebwa kwa mapipa, kwa malori na hata kwa ndege, katika barabara ya kutoka Dar es Salaam ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi na matope.

Wazambia na Watanzania hawakuishia kwenye mapipa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Mwaka 1973 Rhodesia ilipoufunga mpaka wake na Zambia, bomba lilikuwa linafanya kazi na reli ilikuwa njiani.

Fundisho ni kwamba njia ya pili haijengwi siku ile ya kwanza inapofungwa. Tena njia ya pili ina gharama, na gharama hiyo hulipwa wakati mambo yangali shwari, wakati wengi wanaiona kama fedha iliyopotea.

3. Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Sasa turudi chamani. Katibu wengi hupanga kuagiza pembejeo kwa desturi: mwaka jana tuliagiza mwezi wa Aprili, basi na mwaka huu tuagize Aprili. Hiyo si hesabu. Anzeni na siku kitu kinapohitajika, kisha mrudi nyuma.

Tuseme salfa inatakiwa iwe ghalani tarehe 1 Juni, kabla maua hayajashambuliwa na ubwiriunga. Tazameni leja ya misimu mitatu iliyopita: tangu kuagiza hadi kupokea zilipita siku 30, siku 50, na siku 70. Wastani ni siku 50, na mwenye kufuata wastani ataagiza tarehe 12 Aprili. Mwaka mbaya ukirudi, salfa yake itafika tarehe 21 Juni, yaani siku 20 baadaye. Kwa kuwa salfa hupigwa kwa duru za siku 14, atakuwa amekwisha kupoteza duru nzima na zaidi. Mwenye kufuata safari ndefu kuliko zote, ya siku 70, ataagiza tarehe 23 Machi. Tofauti ni siku 20 za kuwahi, na uwahi huo hauna bei zaidi ya nafasi ya ghala.

Kiasi nacho kihesabiwe. Tukichukua robo kilo kwa mti kwa kila duru, kwa duru 5, mti mmoja unahitaji kilo moja na robo kwa msimu. Mfuko wa kilo 25 unatosha miti 20. Bwana Shamba wenu atawasahihisha kulingana na hali ya mashamba. Hesabu hii haiwezekani bila daftari la wanachama lililo sahihi, lenye idadi ya miti iliyo hai, si miti ya marehemu wala mashamba yaliyokwisha kuuzwa. Hata pembejeo zinapokuja kwa ruzuku, orodha hutoka kwenu. Orodha ya uongo humnyima jirani mwenye haki.

4. Akiba ya ghala

Chama kinachotarajia kukusanya tani 200, kwa kilo 80 katika gunia, kinahitaji magunia 2,500. Mimi ningeshauri kiwe na sehemu moja ya kumi zaidi, yaani 250, kwa ajili ya mavuno kuzidi makisio, magunia kuchanika, na lori la pili kuchelewa. Akiba hiyo ikibaki, haiozi. Itatumika msimu ujao, mradi imepangwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, na panya wamedhibitiwa.

Ila akiba isiyoandikwa ni karibu sawa na wizi ulioruhusiwa. Kila kitu kiwe na kadi yake ya stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi ya mpokeaji. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili wa Bodi wahesabu kwa mikono na kulinganisha na kadi. Tena wekeni alama ya hatari: magunia yakifika kiasi fulani, katibu anaomba mengine siku hiyo hiyo, hangoji kikao.

5. Wauzaji, wasafirishaji, na habari

Usiache mbachao kwa msala upitao. Msambazaji aliyewahudumia vizuri msimwache kwa sababu ya mgeni aliyepunguza bei kidogo. Pamoja na hayo, msimtegemee yeye peke yake. Ni afadhali sehemu kubwa ya mahitaji ipite kwa mmoja na sehemu ndogo kwa mwingine, ili huyu wa pili awajue kabla ya shida. Na malori vivyo hivyo. Mikataba iandikwe, ikitaja tarehe ya kufikisha na nini kitafanyika ikipitwa.

Vyama jirani navyo ni akiba. Chama chenye magunia ya ziada kinaweza kukiazima chama chenye upungufu, kwa hati iliyopitia Chama Kikuu. Hii ndiyo faida ya kuwa na muungano: upungufu wa mmoja hufunikwa na ziada ya mwingine, ikiwa tu habari zinatembea. Kwa hiyo makisio ya kila chama yafike Chama Kikuu mapema, na yakibadilika, mabadiliko yafike siku ile ile kwa simu, kisha kwa maandishi. Katibu anayeficha upungufu kwa kuona haya huwaangamiza watu wake.

6. Fedha na mkutano mkuu

Mtauliza: fedha ya kuagiza mapema itatoka wapi? Ndiyo maana jambo hili lifikishwe kwenye mkutano mkuu na lisiachiwe katibu. Wanachama waelezwe hesabu hizi, kisha waamue makato kwa kilo ya kujengea mfuko wa pembejeo na vifungashio. Ikibidi kukopa, mkopo uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Mwanachama anayejua kwa nini shilingi yake imekatwa hanung'uniki. Asiyejua hunung'unika hata ikikatwa kwa haki.

Ndugu wanachama, naomba kila chama kitoke hapa na mambo matatu ya kutenda kabla ya kikao kijacho cha Bodi: kuhakiki daftari la wanachama na miti yao, kuandika siku za safari za misimu mitatu iliyopita, na kuhesabu magunia yaliyomo ghalani leo. Nitakapokuja kukagua, hayo ndiyo nitakayoyaomba kwanza, kabla ya kitabu cha fedha.

Ushirika ni nguvu.