Mgonjwa Asitengwe na Watu Wake

(Mazungumzo na wajumbe wa Haki na Amani, Nyamuswa, kwa ajili ya Siku ya Wagonjwa Duniani)



Tangu Papa Yohane Paulo II alipoianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, tumezoea kila tarehe 11 Februari kuwapelekea wagonjwa sabuni, sukari na sala zetu. Ni vema, na tuendelee. Leo twapenda kuzungumzia hitaji jingine lisiloonekana upesi, yaani haja ya mgonjwa kuwasiliana na watu wake. Je, intaneti isiyo na waya hospitalini, ile vijana waitayo waifai, ni anasa au ni sehemu ya haki ya mgonjwa?

1. TUONE

Kwetu mgonjwa ni wa ukoo mzima. Akilazwa karibu, watu hufika na uji. Lakini akipewa rufaa kwenda Musoma, au Bugando kule Mwanza, mara nyingi huandamana na mtu mmoja tu wa kumuuguza. Waliobaki nyumbani hawana la kufanya ila kungoja.

Tunamkumbuka mama mjamzito mwenye shinikizo la damu, aliyepelekwa usiku katika hospitali ya mbali. Kwa haraka ya safari kadi yake ya kliniki ilisahaulika mezani. Daktari aliihitaji, kwa maana dawa alizotumia na vipimo vya miezi yote vilikuwa vimeandikwa humo. Nyumbani kijana akaipiga picha, akaituma. Haikufika. Dada aliyemuuguza alikuwa na simu ya kisasa, lakini bando lilikuwa limekwisha, na fedha iliyobaki ilikuwa ya chakula. Hatimaye muuguzi wa zamu akamfungulia intaneti ya simu yake mwenyewe, kwa gharama yake. Picha ikafika, matibabu yakaendelea.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya muuguzi yule. Lakini je, kama zamu ile angekuwapo mwingine? Huruma ya mtu mmoja ni jambo jema, ila haiwezi kushika nafasi ya utaratibu wa haki. Tena tukumbuke kwamba anunuaye bando kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko anunuaye kubwa. Hivyo maskini ndiye anayetozwa ghali.

Sisi watu wa Mara twajua kungoja habari za mgonjwa. Mwaka 1999, Mwalimu Julius Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alipolazwa katika hospitali ya St Thomas' huko London, wazee wetu walikaa kando ya redio hadi habari ya kifo chake ilipotangazwa tarehe 14 Oktoba. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, wengi waliokuwa na wagonjwa mbali walionja ukimya kwa pamoja. Maskini huuonja ukimya huo kila mara bando linapomwishia.

2. TUPIME

Katika Injili ya Yohane, sura ya 4, twasoma habari za afisa wa mfalme. Mwanawe alikuwa mahututi Kafarnaumu, naye alimwendea Bwana huko Kana. Yesu alimponya mtoto kwa mbali. Hata hivyo tazameni watumishi: hawakumwacha baba atembee na mzigo wake hadi nyumbani, bali walimlaki njiani kumpa habari. Baba akauliza hata saa ya kupona. Mungu anaweza kuponya pasipo mjumbe, lakini moyo wa mzazi wahitaji mjumbe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu vyombo vya mawasiliano, ulitufundisha kuvipokea vyombo hivi na kuvitumia kwa manufaa ya watu. Manufaa ya wote si ya wenye fedha peke yao.

Wako watakaosema: "Dawa zenyewe hazitoshi, nanyi mwataka intaneti?" Hoja hii ni ya haki, nasi hatuiondoi dawa mahali pake pa kwanza. Lakini kadi ile ilikuwa sehemu ya tiba. Fedha ya matibabu itumwayo na ndugu, ushauri wa daktari mwingine, sauti ya mtoto kwa mama aliyekata tamaa, hivi navyo humsaidia mgonjwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, wagonjwa wengi wa Italia waliagana na jamaa zao kwa simu zilizoshikwa na wauguzi. Na hapa nchini, mwezi Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika Mlima Kilimanjaro. Ikiwa mpanda mlima amefikiwa huko juu, mgonjwa wodini hashindikani kufikiwa.

3. TUTENDE

Kwanza, wajumbe wetu walio katika kamati za vituo vya afya waliombe jambo hili kwa adabu na kwa maandishi. Laini moja yaweza kugawiwa watu wengi, ikitengwa na ile ya kumbukumbu za hospitali, na filamu zikizuiwa ili ujumbe na sauti vipite.

Pili, kila jumuiya iweke akiba ndogo ya bando kwa ajili ya anayeuguza mbali. Tusingoje serikali kwa lililo mikononi mwetu.

Tatu, kila familia ipige picha kadi ya kliniki na ya bima kabla ya safari.

Nne, tulinde heshima ya mgonjwa. Kumpiga picha akiwa hoi na kuisambaza ni dhambi dhidi ya utu wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatukumbusha kwamba habari za afya ya mtu si mali ya kila mtu. Tujihadhari pia na matapeli wauzao dawa za uongo mtandaoni.

Wala simu isiwe kisingizio cha kutokwenda. Bwana atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Anayeweza kwenda, na aende. Asiyeweza, sauti yake ifike.

MASWALI KWA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu ana mgonjwa mbali, na anapataje habari zake?
2. Kituo chetu cha afya chaweza kuanza na nini mwaka huu?
3. Tunawezaje kusaidiana bila kuitangaza siri ya mgonjwa?

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.